Tshopo: Kwa nini muganga anamwomba mgonjwa arudi kusikia majibu ya labo

Kila asubuhi, barabara ya zamani ya Buta inajaa baiskeli zinazotoka upande wa Masako kuelekea mji wa Kisangani. Zinabeba makala, ndizi, mihogo na pondu. Katikati ya wasukuma baiskeli na akina mama wenye vikapu mgongoni, kuna pia watu ambao hawaendi sokoni. Wanaenda hospitali, tena si kwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza walionwa na daktari, siku ya pili walitolewa damu, na sasa wameambiwa warudi ili waelezwe kile ambacho labo imeona.

Masako iko umbali wa kilomita karibu 15 kutoka katikati ya Kisangani. Inajulikana kwa hifadhi yake ya msitu yenye hekta 2,105, iliyozungukwa na kona kubwa ya mto Tshopo, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaenda kuchunguza miti na wanyama. Kwa mwenye gari, kilomita 15 si kitu. Kwa mkulima anayepoteza siku nzima ya shamba na kulipa pikipiki au toleka kwenda na kurudi, ni gharama inayoonekana kwenye sahani ya jioni.

Ndiyo maana swali linalosikika kwenye benchi za kungojea ni la haki kabisa: kwa nini wasimpe mgonjwa karatasi yake akaenda? Kwa nini wasipige picha na kuituma kwa WhatsApp? Je, hospitali inataka tu kulipisha fishi mara nyingine?

Jibu linapatikana katika karatasi zenyewe. Na hakuna karatasi inayolionyesha vizuri zaidi katika jimbo la Tshopo kuliko ile yenye herufi mbili tu: AA, AS au SS.

Herufi mbili zinazobeba ndoa na watoto

Ugonjwa wa drepanositozi, ambao watu wengi Kongo wanauita kwa kifupi "SS" na ndugu wa Tanzania wanauita selimundu, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinajikunja na kuwa kama mundu. Zinaziba mishipa midogo, zinaleta maumivu makali ya mifupa, na zinakufa mapema hata mtoto anabaki bila damu ya kutosha.

Kisangani haiko mbali na ugonjwa huu. Utafiti uliofanywa huko kwa watoto wachanga 520 na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba 121 kati yao, sawa na 23.3%, walikuwa AS, na 5, karibu 1%, walikuwa SS. Kwa maneno mengine, ukichukua watoto wanne waliozaliwa mjini, karibu mmoja amebeba alama ya S katika damu yake. Anayebeba AS si mgonjwa. Anaishi, analima, anacheza mpira na kuzeeka kama watu wengine, na anaweza kufa na miaka 80 bila kujua. Hatari inaanza pale watu wawili wa AS wanapozaa pamoja.

Hapo ndipo karatasi inapohitaji mtu wa kuielezea. Kwa wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, nafasi mbili kati ya nne za kuleta mtoto AS, na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto AA. Watu wengi wanaelewa hesabu hiyo vibaya. Wanadhani maana yake ni kwamba watoto watatu wa kwanza watakuwa wazima na wa nne ndiye atakayekuwa mgonjwa. Au, wakishazaa mmoja wa SS, wanadhani "zamu" imekwisha. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya. Familia inaweza kupata watoto watatu wote wa SS, na nyingine isipate hata mmoja.

Tena kuna swali la lawama. Katika familia nyingi, mtoto anapougua tena na tena, vidole vinamwelekea mama, au bibi, au jirani anayesemwa kuwa ndoki. Daktari anayezungumza na baba na mama wakiwa wamekaa pamoja mbele yake anaweza kusema jambo ambalo karatasi haiwezi kusema: mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kwa baba na S nyingine kutoka kwa mama. Hakuna aliyemroga, na hakuna mzazi mmoja aliyebeba kosa peke yake.

Karatasi inaweza kudanganya

Sababu ya pili inahusu kipimo chenyewe. Katika vituo vingi vya Kongo, kipimo cha kwanza cha SS ni kile kinachoitwa testi ya Emmel, kwa jina la Victor Emmel, mtafiti aliyeieleza huko Marekani mwaka 1917. Fundi wa labo anachukua tone la damu, analiziba lisipate hewa, kisha anaangalia kwa mikroskopi kama chembe zinajikunja. Ni kipimo cha bei nafuu na hakihitaji mashine kubwa. Lakini kinajibu swali moja tu: je, kuna S katika damu hii? Hakisemi kama mtu ni AS au SS.

Mzazi anayepokea karatasi iliyoandikwa "Emmel positif" bila maelezo anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba mtoto wake ni mgonjwa wa maisha, na kumbe mtoto ni AS, mzima kabisa. Kutofautisha AS na SS kunahitaji elektroforezi, njia ambayo Linus Pauling na wenzake waliitumia mwaka 1949 kuonyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Siku hizi kuna pia vipimo vya haraka vinavyoweza kutofautisha AS na SS kwa tone moja la damu, ingawa havijafika kila mahali.

Lakini hata elektroforezi ina mtego wake, na katika nchi ya malaria mtego huo ni mkubwa. Mtoto mdogo akipata malaria kali, damu inaisha, na hospitali inamwongezea damu ya mtu mwingine. Ikiwa majuma machache baadaye mtoto huyo anapimwa, labo inaona damu mbili zilizochanganyika: ya mtoto na ya yule aliyetoa. Mtoto wa SS aliyeongezewa damu ya mtu wa AA anaweza kuonekana kama AS. Wazazi wanafurahi, dawa haianzwi, na ugonjwa unaendelea gizani. Kwa sababu hiyo waganga wanashauri kungoja karibu miezi mitatu baada ya kuongezewa damu kabla ya kuamini jibu.

Fundi wa labo aliyeandika jibu hajui historia hiyo. Anaona chupa, namba na jina. Anayejua kwamba mtoto aliongezewa damu mwezi uliopita ni mama, na anayejua kwamba jambo hilo linabadilisha jibu ni daktari. Bila wawili hao kukaa pamoja, habari hizo mbili hazikutani.

Hapa pia kuna suala linaloweza kuvunja nyumba. Ikitokea mtoto ameandikwa SS na baba ameandikwa AA, mtu anayesoma karatasi peke yake chini ya mwembe atafikiri jambo moja tu kuhusu mke wake. Daktari atafikiri mambo mengine kwanza: je, chupa zilibadilishana majina? Je, baba au mtoto aliongezewa damu? Ni kipimo gani kilitumika kwa kila mmoja? Ataomba kipimo kirudiwe kabla ya mtu yeyote kusema neno. Karatasi inayotumwa kwa simu haiombi kurudiwa.

Malaria, tifoidi, virusi vya UKIMWI

SS si peke yake. Vipimo vinavyofanywa kila siku katika vituo vya afya vina mitego ya aina hiyo hiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachotumia tone la damu kutoka kidoleni, mara nyingi kinatafuta protini ya kimelea. Protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona vizuri. Mtu aliyemaliza dawa na ambaye homa yake imerudi kwa sababu nyingine atapimwa, ataambiwa "positif," na atakunywa tena dawa ya malaria wakati ugonjwa mwingine unamla.

Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta tifoidi, au "salmonelle" kama watu wengi wanavyosema, kinatafuta alama ambazo mwili umeacha baada ya kupambana na vijidudu. Alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za maambukizi mengine. Ndiyo maana kuna watu wanaosema wana salmonelle isiyopona miaka na miaka. Wengi wao wanatibu namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na kila mara antibiotiki zinazotumika bure zinapunguza nguvu ya dawa hizo kwa siku zitakapohitajika kweli.

Kwa virusi vya UKIMWI, kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Mtu aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita anaweza kupata jibu hasi, kwa sababu mwili bado haujatoa alama ambazo kipimo kinatafuta. Anaombwa arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Mtoto wa mama mwenye virusi naye anaweza kupata jibu chanya kwa kipimo cha haraka kabla ya miezi 18, kwa sababu tu anabeba alama za mama yake, bila yeye mwenyewe kuambukizwa. Kwake kunahitajika kipimo cha aina nyingine. Na Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2019, linashauri vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ana virusi.

Vilevile kwa ugonjwa wa malale, ambao umejulikana kwa miaka mingi huko Isangi, pale mto Lomami unapoingia mto Kongo. Kipimo cha kwanza cha damu kinamfanya mtu awe mshukiwa tu. Mpaka sasa daktari anamwita mgonjwa, anampapasa shingo kutafuta tezi, anamuuliza kuhusu usingizi na akili yake, na labo inatafuta kimelea chenyewe kwa mikroskopi.

Siri ya mgonjwa katika simu ya wengi

Kuna pia suala la nani anasoma. Katika vijiji vya kandokando ya Kisangani, simu moja mara nyingi inatumiwa na watu wengi wa nyumba. Inachajiwa kwa jirani, inashikwa na watoto, inakopeshwa kwa shemeji. Picha ya majibu iliyotumwa saa tatu asubuhi inaweza kuwa imeshaonwa na watu watano kabla ya mwenyewe kurudi kutoka shambani.

Sheria ya Kongo inalijua jambo hilo. Kifungu cha 73 cha sehemu ya pili ya Kanuni ya Adhabu kinawaadhibu watu wanaotoa siri waliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yao, na waganga ni kati yao. Kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi hivyo, ikiwa ni pamoja na siri ya majibu yao. Mlango uliofungwa wa chumba cha daktari, pamoja na udogo wake wote, bado unalinda siri hiyo kuliko simu ya nyumba nzima.

Kisha kuna lugha. Karatasi za labo zinaandikwa kwa Kifaransa, kwa vifupisho na namba. Hata mtu aliyesoma sekondari anaweza kuona nyota au neno lililopigiwa mstari bila kujua kama ni jambo la kutisha au la kawaida. Ana kwa ana, daktari au muuguzi anaweza kueleza kwa Kiswahili au Lingala, akaangalia uso wa mgonjwa, akagundua kwamba hajaelewa, na akaanza upya.

Majibu ni mwanzo wa kazi

Kuna sababu nyingine ambayo wagonjwa wengi hawaifikirii. Kwa magonjwa makubwa, siku ya majibu ndiyo siku matibabu yanapoanza.

Mtoto wa SS anayejulikana mapema anaweza kupewa penisilini ya kumkinga na vijidudu katika miaka yake ya kwanza, chanjo zote, kinga ya malaria, na maelezo kwa mama: kumnywesha maji mengi, kumfunika wakati wa baridi, na kumkimbiza hospitali bila kungoja anapopata homa au midomo inapokuwa meupe. Kuna pia dawa ya hidroksiyurea. Utafiti mkubwa uliochapishwa kati ya 2018 na 2019, uliowatibu watoto 606 huko Kinshasa, Luanda, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Lakini anayeitumia lazima arudi apimwe damu mara kwa mara, ili kiasi cha dawa kirekebishwe. Bila miadi, dawa hiyo haifanyi kazi yake kwa usalama.

Je, njia nyingine haiwezekani?

Si kila nchi inafanya hivyo. Nchini Marekani, tangu Aprili 2021, kanuni za serikali zinataka majibu yafunguliwe kwa mgonjwa kwa intaneti bila kucheleweshwa, hata kabla daktari hajayasoma. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 8,000 huko, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kwamba karibu 96% walipenda kuendelea kupata majibu yao mara moja. Lakini kati ya wale ambao majibu yao hayakuwa ya kawaida, wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi kuliko kwa wale wenye majibu mazuri. Kwa hiyo mtu anataka kujua upesi, na anataka pia mtu wa kumweleza. Kwa mkazi wa Masako mambo hayo mawili hayajapingana.

Na hapa waganga nao wana deni. Kumwita mtu atembee kilomita 15 ili kumwambia "yote ni mazuri" kwa dakika moja, baada ya kungoja saa nne, si heshima. Kuna majibu ambayo simu fupi kwa mwenyewe, kwa ruhusa yake, inatosha. Kuna vipimo vinavyotoka saa ileile, ambavyo mgonjwa akingoja kidogo anaweza kurudi na kila kitu siku moja. Miadi inaweza kuwekwa siku ya soko, wakati mtu anashuka mjini hata hivyo. Na fishi ya kusikia majibu haipaswi kuwa mzigo unaomfanya mgonjwa aache karatasi yake ilale kwenye sanduku la labo.

Kwa upande wake, mgonjwa anaweza kufanya miadi hiyo imlipe gharama ya safari. Waganga wanapenda aje na karatasi zake zote za zamani, hata zilizokunjika. Ataje dawa alizokunywa, zikiwemo za miti shamba. Aseme kama yeye au mtoto aliongezewa damu, na lini. Kwa majibu ya AS au SS, ni vizuri aje na mwenzake wa ndoa. Na kabla ya kutoka mlangoni, maswali manne yanatosha: kipimo hiki kimeona nini hasa? Kinaweza kukosea? Kuanzia leo nifanye nini? Nirudi lini?

Jioni, baiskeli zinarudi Masako zikiwa nyepesi, makala yameisha, pesa ya chumvi na sabuni iko mfukoni. Katika mfuko wa mama mmoja au wawili kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Kama mambo yamekwenda vizuri, nyuma yake kuna maneno machache yaliyoandikwa kwa kalamu na muuguzi: jina la dawa, mara ngapi kwa siku, tarehe ya kurudi. Na akifika nyumbani, bwana na mama mkwe wakimwuliza labo imesema nini, atakuwa na la kuwajibu.